Shokapu ya buti: kabla hujaifunga kwenye deli lako



Wengi mmezoea kuniona naandika habari za mihogo, mbegu na mwani. Leo naandika habari ya chuma, na sababu ni maswali niliyoulizwa tangu watu walipoona kile kifuniko cha deli pale dikoni kinachofunguka na kusimama wenyewe bila ya mti. Watu watatu wameniambia wanataka kufanya hivyo hivyo kwenye madeli yao. Mmoja ameshanunua kitu Wete, hakijui nguvu yake, na anataka kukifunga mwenyewe. Kwa hivyo nimeona nieleze yote, pamoja na makosa yangu, maana makosa yalikuwa mengi.

Kisa chenyewe kilianza na vidole vya bi mkubwa mmoja. Yeye hununua pweza na samaki wadogo, huwatia barafu, na chombo kikiondoka kwenda Wete huwapeleka sokoni. Deli lake ni lile kubwa la kuchongesha: plaiwudi, faiba juu yake, foma katikati, na kifuniko kizito kama mlango. Miaka yote alikuwa akikisimamisha kwa kigongo cha mkandaa. Siku hiyo kulikuwa na upepo wa kusi, kigongo kikateleza kwa ute wa pweza, kifuniko kikashuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa ukingoni.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekuja kwa mambo ya mbegu. Tulimtia kwenye mashua tukavuka naye. Vidole vilipona, lakini kimoja hakikunji hadi leo, na huyu ni mtu wa kusuka ukili. Pweza ni biashara yake ya mchana, ukili ndio wa usiku, na nani asiyejua kwamba ukili unataka vidole vyote.

Nilipokwenda kumjulia hali nilimwambia, "Shikamoo bi mkubwa. Mimi nitakutafutia dawa ya kile kifuniko."

"Marahaba mwanangu. Dawa ya kifuniko ni kukitia baharini."

Dawa niliyoifikiria mimi ni ile mnayoiona kwenye Noah na Probox. Dereva hubonyeza, akainua mlango wa nyuma kidogo tu, na mlango ukajipandia wenyewe hadi juu, ukakaa. Kinachoufanya ukae ni vile vibomba viwili vyeusi vya pembeni, vyenye fimbo inayong'aa. Mafundi wetu huviita shokapu za buti. Jina lake la kitaalamu ni springi ya gesi. Mimi nitatumia shokapu, ila mkumbuke si ile shokapu ya chini ya gari inayopunguza mitikisiko. Hiyo ya chini kazi yake ni kupunguza mwendo, na hii ya buti kazi yake ni kusukuma.

Nikaenda Wete, nikanunua jozi iliyotumika kwa wauza spea za mtumba. Nilizibonyeza kwa mikono, hazikuingia hata kidogo, nikafurahi. Nikajiambia hizi ndizo nzima. Juu ya bomba palikuwa na karatasi iliyofifia imeandikwa 620N. Sikuitilia maanani. Mimi N ninayoijua ni ile ya kwenye mfuko wa mbolea.

Tulizifunga siku hiyo hiyo, mimi na kijana mmoja fundi wa kuchomelea. Kifuniko kilifunguka kwa kishindo. Watu wakapiga makofi. Ikaja zamu ya kukifunga. Tukasukuma, hakishuki. Tukawa wawili, kikashuka nusu kikarudi. Kijana akapanda juu akakikalia, na hapo bawaba za nyuma zikang'oka na misumari yake, kifuniko kikaruka upande mmoja. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Bi mkubwa alikuwa amekaa kwenye jiwe na bendeji yake anatutazama. Hakusema neno, na afadhali angesema.

Kijana akatoa shauri. "Kaka, hizi zimejaa sana. Natoboa tundu dogo kwa drili, gesi ipungue, halafu naziba kwa moto."

Na mimi, mtu wa diploma, nikaona ni wazo zuri. Kilichotuokoa ni kwamba betri ya drili ilikuwa imekwisha, na jenereta haikuwa na mafuta. Tukakubaliana nizirudishe Wete nikatoboze huko.

Fundi mzee wa gereji niliyempelekea alizipokea, akasoma ile karatasi, akazilaza chini taratibu kama mtu anayelaza mayai. Kisha akanionyesha paa la banda lake. Kwenye bati palikuwa na tundu lililopasuka kwa juu, ukubwa wa kikombe cha kahawa. Akanieleza kwamba miaka ya nyuma kijana wake alikuwa akichoma takataka za gereji, ndani yake mna shokapu ya buti iliyokufa. Ilipopata moto ikalia kama bunduki, fimbo ikatoka kupitia batini, na hawakuiona tena. "Hiyo ilikuwa mbovu," akasema. "Hizi zako ni nzima, na wewe unataka kuzitia drili karibu na uso wako."

Nilikaa pale mpaka alasiri akinisomesha. Haya yafuatayo ni aliyonambia yeye, na mengine niliyoyasoma baadaye nikayahakikisha.

Ndani ya lile bomba hamna springi ya waya. Mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na mafuta kidogo. Naitrojeni ni gesi ile ile ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Ni ndugu yake ile iliyomo kwenye urea, ambayo mfukoni huandikwa 46 kwa sababu asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni. Wametumia hiyo kwa kuwa haiungui, haileti kutu, na ni rahisi kuipata ikiwa kavu. Hewa ya kawaida ina oksijeni na unyevunyevu, na hivyo viwili vikikutana na chuma na mafuta ndani ya presha kubwa havina mwisho mwema.

Presha yenyewe ndiyo ya kuogopa. Tairi ya gari ndogo hujazwa kiasi cha kilo 2 kwa kila sentimita moja ya mraba. Ile shokapu yangu ya 620N, yenye fimbo ya milimita 10, ndani ina kilo 80 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Yaani tairi mara 40, ndani ya bomba unaloweza kulificha kwenye mkono wa kanzu.

Sasa kwa nini inasukuma? Hapa ndipo nilipokuwa sielewi. Nilidhani pistoni imeziba bomba barabara, gesi iko upande mmoja, na huko ndiko inakosukuma. Sivyo. Pistoni ina kitundu kidogo, na gesi hupita. Kwa hivyo presha ni ile ile mbele ya pistoni na nyuma yake. Lakini upande mmoja wa pistoni umeshikwa na fimbo, na mahali fimbo ilipokaa gesi haina pa kugusa. Upande wa pili uko wazi wote. Gesi inasukuma eneo kubwa upande huu na eneo dogo upande ule, na tofauti yake ni unene wa fimbo tu. Hiyo ndiyo nguvu inayoitoa fimbo nje.

Fimbo ya milimita 10 ukiikata kichwa chake kina eneo la sentimita mraba 0.785. Zidisha kwa kilo 80, unapata kilo 62 na kitu. Na 620N maana yake ni hiyo. N hapa si naitrojeni, ni nyutoni, kipimo cha nguvu. Gawa kwa 10 upate kilo, haitakuwa sawasawa kabisa lakini kwa deli inatosha. Kwa hivyo bomba nene halimaanishi shokapu kali, na mtu akikuuzia kwa unene wa bomba anakuuzia rangi. Kinachohesabika ni fimbo na presha.

Kile kitundu cha kwenye pistoni kina kazi ya pili. Fimbo ikitaka kutoka, gesi lazima ipite pale kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na tundu ni jembamba, basi inapita polepole. Ndiyo maana mlango wa buti haurushwi kama mtego wa panya, unapanda kwa adabu. Na mafuta yale kidogo hukaa chini. Ukiifunga shokapu fimbo ikiangalia chini, pistoni ikifika mwisho wa safari inaingia kwenye mafuta, mwendo unapungua, mlango unatua bila kishindo. Mafuta hayo hayo hulowesha sili ya mpira ya kwenye mdomo wa bomba isikauke. Ukiifunga kichwa chini miguu juu, sili hukauka, na gesi hutoroka mapema. Sisi pale dikoni tulizifunga fimbo juu. Ndiyo maana ya kile kishindo kilichopigiwa makofi.

Kwa nini wasitumie springi ya waya tu? Inatumika, na kwa baadhi ya kazi ni bora. Lakini springi ya waya kila ukiibana ndivyo inavyokuwa kali, mwanzo laini na mwisho ngumu. Gesi nayo hukaza ikibanwa, jambo ambalo Robert Boyle aliliandika mwaka 1662: ukiipunguzia gesi nafasi, presha hupanda kwa kiasi hicho hicho. Ila hapa fimbo ikiingia inachukua nafasi ndogo tu ya bomba. Kwa hivyo nguvu haipandi mara mbili wala mara tatu, kwa kawaida inapanda kwa theluthi moja hivi toka mwanzo hadi mwisho. Unapata msukumo unaokaribia kuwa sawa njia nzima, tena ndani ya kitu chembamba kisichochukua nafasi.

Kwa sababu hiyo vimeenea kila mahali. Kampuni ya Stabilus ya mji wa Koblenz, Ujerumani, ilianza kuvitengeneza kwa wingi miaka ya 1960, na leo magari mengi ya milango ya juu yanavyo. Kiti cha ofisini kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza kijiti, ndani yake mna shokapu ya gesi, ila hiyo ina kizibo kwenye njia ya kupitia gesi. Ukibonyeza kijiti kizibo hufunguka, gesi hupita, kiti hutembea. Ukiachia kinaziba, kiti kinasimama pale pale. Baadhi ya vitanda vya wagonjwa vinavyoinuliwa kichwani hutumia aina hiyo. Milango ya mizigo ya pembeni kwenye mabasi, vifuniko vya mabweta ya juu kwenye ndege, milango ya vyumba vya madereva wa matrekta, vifuniko vya injini za boti za faiba, ngao za mashine viwandani ambazo lazima ziinuliwe kila saa ili mtu asafishe, zote hizo ni kazi yake. Viwandani zimo hata ndani ya mashine kubwa za kugandamiza mabati ya magari. Huko hutumika fupi na nene zenye kubeba tani nzima au zaidi, kazi yake ni kushika bati lisikunjane wakati kalibu inashuka na kisha kulisukuma litoke.

Turudi dikoni. Fundi mzee aliniuliza swali moja: kifuniko chenu kina kilo ngapi? Sikujua. Nilikuwa nimenunua dawa bila kumpima mgonjwa, na mimi ndiye ninayewagombeza wakulima kila msimu kwa jambo hilo hilo.

Kupima ni rahisi na vifaa mnavyo. Chukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia pweza. Bawaba zikiwa mahali pake, tia ndoano kwenye ukingo wa mbele wa kifuniko na uinue mpaka kiachane na deli kwa unene wa kidole. Soma. Chetu kilisoma kilo 9. Kisha pima kwa utepe kutoka bawaba hadi ukingo huo. Chetu ni sentimita 80. Zidisha 9 kwa 80, ni 720. Hiyo namba ndiyo uzito wa kifuniko machoni pa bawaba.

Halafu inua kifuniko nusu ya njia, shika ubao mwembamba pale unapotaka shokapu ikae, na upime umbali mfupi kabisa kutoka bawaba hadi kwenye mstari wa huo ubao. Si umbali wa kwenda kwenye msumari wa shokapu, ni umbali wa kwenda kwenye mstari wenyewe, kwa pembe mraba. Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea mara mbili. Sisi tulipata sentimita 18. Gawa 720 kwa 18, unapata 40. Zinahitajika kilo 40 kwa shokapu zote mbili, yaani kilo 20 kila moja, sawa na 200N. Ongeza kidogo ili kifuniko kikae juu hata upepo ukivuma na hata shokapu zikichoka. Tulichukua za 250N.

Mimi nilifunga za 620N. Nilipoipiga hesabu nyumbani niliona kwamba ili kukishusha kile kifuniko kilipokuwa nusu ya njia ilibidi kukisukuma ukingoni kwa zaidi ya kilo 20, na kadiri kinavyoshuka gesi inazidi kukaza. Bawaba zile hazikuwa na kosa.

Msiende upande wa pili pia mkanunua dhaifu kwa sababu ni rahisi. Kifuniko kinachokaa juu kwa kusitasita ni hatari zaidi kuliko kile cha mti, maana cha mti unakiogopa.

Mambo ya kufunga niyapitie haraka. Shokapu zikae nje ya deli, ubavuni, zisikae ndani kwenye barafu na maji ya chumvi. Fimbo iangalie chini deli likiwa limefungwa. Pale zinaposhikwa pawekwe kipande cha chuma au mbao ngumu nyuma ya plaiwudi na bolti ipite hadi upande wa pili. Msumari wa mbao hautoshi. Hakikisha kifuniko kikifunguka hadi mwisho shokapu haikunjwi upande, na kikifungwa bado fimbo ina milimita chache za kuingia. Isiwe shokapu ndiyo inayokizuia kifuniko. Wakati wote wa kufunga kifuniko kishikwe na mtu au mti madhubuti. Zifungwe mbili, na ikifa moja badilisha zote, kwani nzima ikivuta na mbovu upande wa pili kifuniko hupinda.

Kuhusu kununua za mtumba. Kubonyeza kwa mkono hakukwambii kitu, kama mlivyosikia. Tafuta mizani ya kupimia watu, weka kipande cha ubao juu yake, simamisha shokapu fimbo ikiwa chini, na uegemee kwa uzito wako taratibu, wima, uso pembeni. Fimbo ikianza kuingia soma kilo. Iliyoandikwa 250N ikianza kuingia kwa kilo 15, imeshapoteza asilimia 40 hivi ya nguvu yake. Nyengi za magari hazikuandikwa N, zina namba ya spea tu, basi mizani ndiyo itakayosema. Tazama pia mdomo wa bomba: kama pana unyevu wa mafuta, sili imeshaachia. Pitisha ukucha juu ya fimbo. Ukihisi kikwaruzo au doa la kutu, iache hata kama ni bure, kwa sababu doa hilo kila likiingia na kutoka linaikata sili.

Na kutu kwetu hakuna haja ya kukutafuta. Hizi shokapu zilitengenezwa kwa magari ya Japani, si kwa diko la Fundo. Kila jioni mwagia maji baridi ya kisima, futa fimbo kwa kitambaa kikavu. Usipige msasa, usipake rangi kwenye fimbo, usiishike kwa koleo. Ukimaliza kazi acha deli limefungwa, kwani likifungwa fimbo inakuwa ndani ya bomba, imejificha na chumvi. Zipo za chuma kisichoshika kutu kwa ajili ya boti, bei yake inauma, lakini mwenye uwezo na afikirie. Zetu za kawaida nimeambiwa tusizitarajie zidumu kama kwenye gari, na mimi nazikagua kila mwezi.

Jambo moja linawachanganya watu: asubuhi ya baridi kifuniko ni kizito kidogo, mchana wa jua ni chepesi. Hiyo si ajabu. Gesi ikipata joto hupanda presha, kiasi cha asilimia 1 kwa kila nyuzi 3 za joto. Shokapu inayoshika mchana na kuachia alfajiri iko mwisho wa umri wake, ibadilishe kabla haijachagua siku yenyewe.

Na zikifa? Naomba mnisikilize hapa kuliko popote. Shokapu isiyoinua tena mlango bado inaweza kuwa na gesi nyingi ndani. Usiikate kwa msumeno wala grinda. Usiitoboe. Usiichomelee chochote, hata kama unataka kuongeza sikio tu la bolti, kwani moto wa kuchomelea unapasha gesi na kulainisha chuma kwa pamoja. Usiitupe jaani, kwa sababu majaa yetu yote huchomwa moto, na wanaoyachoma mara nyingi ni watoto. Ukimuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu mwambie kwa mdomo wako kuwa ni ya gesi, asiichanganye na nondo. Mimi nimesema na sheha wetu, zilizokufa niletewe mimi, nitazivusha kwa fundi mzee mwenyewe.

Yule kijana wa kuchomelea sikumlaumu. Kazi yake anaijua, na mwenye kupaswa kuuliza kwanza nilikuwa mimi. Ameshafunga madeli mawili mengine tangu hapo, kila moja kwa kulipima na mizani ya pweza, na vibati vya kushikia anavichomelea kabla shokapu haijaletwa karibu.

Zile za 620N ninazo bado, zimesimama fimbo chini kwenye kona ya ofisi yangu, zimefungwa kwenye gunia. Mwenye kifuniko cha kisima au mlango wa banda wenye uzito wa kutosha aje na vipimo vyake, tupige hesabu, akizifaa atazichukua.

Bi mkubwa amerudi dikoni. Anafungua deli kwa mkono wa kushoto, kifuniko kinapanda na kukaa. Halafu anachukua kigongo chake cha mkandaa, amekikata upya na kukitengenezea kijishimo ukingoni kisiteleze, anakisimamisha chini ya kifuniko kilichokwisha kusimama. Nilimwuliza siku ya kwanza, "Bi mkubwa, bado huziamini?"

"Naziamini, mwanangu. Lakini hizo umezifunga wewe."